Wiki Aliyolala Mama Pasi

Lori lilikuwa limeshaanza kwenda nilipokumbuka kwamba sikumuaga mtu. Sikushuka. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya vitunguu, mgongo kwenye turubai, mfuko wangu katikati ya magoti, na ukungu wa asubuhi ulikuwa umeshuka mpaka mtaa ukawa kama kitu anachokikumbuka mtu mwingine: nusu ya duka la dawa, paa lisilo na nyumba chini yake, mwanamke anayefagia ambaye miguu yake haionekani. Nimeondoka miji mingi kwa namna hiyo. Mji ukiuaga sana, unakung'ang'ania shati.

Mji ule nilikuwa nimeukalia miezi minne, na kwangu mimi miezi minne ni kama ndoa. Kilichonikalisha ni taipureta. Nilifika pale nikitafuta maji ya kunywa, nikaingia ofisi ya kanisa kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, nikamkuta mchungaji ameinamisha uso mpaka pua inagusa karatasi. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho.

"Nani wewe?" akauliza.

"Mpita njia."

"Mpita njia, unajua kusoma?"

Nikamwambia nilisoma darasa la kwanza mji mmoja, la tatu mji mwingine, la pili sikuwahi kuliona, na kupiga taipu nilifundishwa na karani wa ghala la ngozi niliyekuwa nikimfagilia.

"Inatosha," akasema. "Vuta kiti."

Kazi yenyewe ilikuwa Barua ya Juma. Kila Alhamisi mchungaji aliwaandikia waumini wake karatasi moja, mbele na nyuma: salamu, neno la kutia moyo, halafu habari za kanisa. Nani kajifungua, nani anaumwa, paa la chumba cha watoto limefika wapi. Watu waliiita Juma tu. Siku za mwanzo nilisikia akina mama wakiulizana mlangoni, "Juma keshatoka?" "Juma wa leo mrefu, jamani!" "Juma wangu mimi mume wangu kamfungia sabuni," nikawa namtafuta huyo Juma ni nani, anayependwa na wake za watu kiasi hicho.

Mchungaji alitamka akiwa amesimama dirishani, amefumba macho. Alisema akiyafumba anaona vizuri zaidi. Maneno yalimtoka polepole, yananifikia kama maji yanayopita chini ya mlango, na mimi nikayapiga kwenye stensili, ile karatasi ya nta ambayo ukikosea imekula kwako. Kisha naifunga kwenye mashine ya kurudufu, nazungusha mkono, na nakala zinatoka moja moja, zikiwa na harufu ya wino, zikijilaza moja juu ya nyingine.

Alhamisi ile ya mwisho alitamka hivi: "Wapendwa, wiki hii nimewaza juu ya benchi la hospitali. Pale hakuna mwenye cheo. Bwana mkubwa anasogea, mwenye duka anakaa. Kila mmoja anasogea kidogo ili mwingine apate. Nikajiuliza, mbona tukitoka pale tunasahau kusogea? Basi wiki hii, popote utakapokaa, sogea kidogo."

Zikaja habari. Ya mwisho ilimhusu Mama Pasi.

Huyu Mama Pasi ndiye aliyenyoosha nguo za nusu ya mji ule kwa miaka thelathini. Kibanda chake kilikuwa kando ya kanisa. Ukipita unaona mvuke kwanza, kisha mkono, kisha yeye mwenyewe. Alikuwa na uvimbe tumboni, na Jumanne inayofuata angepasuliwa. Daktari alishasema wazi kwamba haogopi kisu, anaogopa usingizi wa dawa. Moyo wa mama ulikuwa mchovu, ungeweza kukataa kuamka. Nusu kwa nusu, alisema.

Mchungaji akatamka: "Mama Pasi bado yuko wodi namba tatu, anasubiri upasuaji siku ya Jumanne. Tulipokwenda kumwona tulimkuta amelala, hatukumwamsha, tukaomba kimoyomoyo, tukatoka. Tuzidi kumwombea."

Stensili ilikuwa imebaki mstari mmoja. Mmoja tu, na huo nao mfupi. Nikafanya kama fundi anayekata suruali ya mtu mfupi. Nikaandika: *Mama Pasi: tulimkuta amelala. Tukaomba, tukatoka.* Nikaona nimepatia. Mchungaji hakuweza kusoma, kwa hiyo hakusoma. Nikachapa nakala mia mbili na arobaini, zile za walio mbali nikazifunga kwa uzi, mlinzi wa kanisa akazipeleka stendi. Kesho yake, miguu ikiwa imeanza kuniwasha, nikapanda lori la vitunguu.

Lori lilisimama kwenye mizani, nje ya mji. Nilikuwa karibu kusinzia niliposikia pikipiki ikikohoa ndani ya ukungu. Akatokea mlinzi yule yule, mzee mwenzangu tuliyemwita Kengele kwa kuwa ndiye aliyepiga kengele ya kanisa, amekumbatia kiuno cha dereva wa pikipiki kama anayezama.

"Mzee Miguu! Shuka huko juu!"

"Kuna nini?"

"Umeua mtu!"

Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani. "Babu, umefanya nini tena?"

"Kamuua Mama Pasi," Kengele akasema, anahema. "Na mama wa watu asubuhi hii kanywa chai vikombe viwili!"

Ilinichukua muda kuelewa, na labda nisingeelewa kamwe kama si Kengele kunieleza tukiwa tumebanana watatu kwenye pikipiki, akinipigia kelele sikioni. Huko nilikopita mimi, mtu akifa watu husema amefariki, ametutoka, hatunaye. Kanisa lile walikuwa na neno moja tu. Mchungaji wao hakupenda kusikia amekufa, na kwa miaka kumi na tisa, kila aliyekufa aliandikwa kwenye barua amelala; katika miezi yangu minne hakuwa amekufa mtu, nami sikuwahi kuliandika. Na siku zote habari hiyo iliwekwa mwisho kabisa, mstari wa chini, peke yake. Watu wale walikuwa wameshaacha kulitumia neno hilo kwa usingizi. Mtoto akilala walisema amepitiwa. Mume akilala walisema amejinyoosha. Na mimi, mgeni niliyesoma darasa la kwanza na la tatu, nimewawekea mama wa watu mstari wa chini, peke yake.

"Wewe hukujua kwamba yu hai?" nikamuuliza Kengele.

"Mimi? Mimi nimelia toka jana! Nimekwenda kumwomba sista anioneshe maiti, maiti ikaniuliza, Kengele, umeniletea chumvi?"

Tulipofika, wanawake walikuwa wameshajaa nyumbani kwa Mama Pasi. Mikeka imetandikwa, maji yako jikoni, wanaimba chinichini. Nikasimama kizingitini nikawaambia kosa ni langu, mama yu hai. Wakanitazama kwa upole, kama mtu anayewaeleza ndoto yake. Mmoja wao, muuza vitambaa, mnene wa sauti, akasema: "Sawa, baba. Lakini tumeshakaa."

"Mnakalia nini sasa?"

"Si Jumanne anapasuliwa? Tutakaa mpaka Jumanne. Ukishakaa vizuri hivi, kuinuka ni shida."

Wakaendelea kuimba. Sijawahi kuona msiba usio na maiti, wala sijawahi kuona watu wakifarijiana vizuri hivyo bila aliyefiwa. Ukungu ulikuwa umekataa kuondoka siku hiyo. Uliingia mpaka ndani, ukakaa nao.

Ofisini hapakuwa na mtu. Mchungaji alikuwa amekwenda hospitali. Nikavuta stensili mpya nianze kusahihisha. Nilikuwa nimeshaandika "Wapendwa, samahani" simu ya mezani ilipolia.

"Hapo ni kanisani?" Sauti ya mwanamke, mbali, na nyuma yake mashine kubwa zinanguruma.

"Ndiyo."

"Mimi ni binti wa Mama Pasi. Nimesoma Juma." Mashine zikanguruma. "Msimzike kabla sijafika. Nakuja na basi la Jumatatu."

Sasa, nitasema ukweli. Nafasi nilikuwa nayo. Alinyamaza kwa muda ambao mtu angeweza kusema mama yako mzima, kanywa chai, akabaki na pumzi. Nilichosema mimi ni, "Sawa, mama." Simu ikakatika.

Nilijua habari zake, mji mzima ulizijua. Miaka kumi na mmoja iliyopita binti yule aliolewa na fundi wa kuziba matairi. Mama yake hakumtaka mwanamume huyo. Alimwona ana kucha nyeusi. Siku ya harusi, Jumamosi, Mama Pasi alikaa kibandani akanyoosha nguo za watu kama Jumamosi yoyote. Gauni la binti alilinyoosha, tena vizuri, akalituma kwa mkono wa jirani. Mwenyewe hakwenda. Jioni binti akapita kibandani na gauni lake lile lile, akasimama kwenye mvuke, akasema: "Utaniona siku ya kukuzika." Akaenda na mumewe mbali, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Hakuandika, hakupiga. Mchungaji aliendelea kumtumia Juma kila wiki bila kujua kama anamsoma.

Kumbe anamsoma.

Nikaenda hospitali kwa miguu. Wodi namba tatu ilikuwa na vitanda kumi na mapazia meupe yaliyokuwa yakipumua. Upepo ukiingia yanajaa, ukitoka yanasinyaa, hata hujui nani mgonjwa. Mama Pasi alikuwa ameketi kitandani, mdogo kuliko nilivyomjua, anapokea wageni. Walikuwa wamejipanga. Walikuja kumtazama mtu aliyerudi.

"Huko kukoje?" bibi mmoja alikuwa anamuuliza, na hakuwa anatania sana.

"Kuna foleni," Mama Pasi akajibu. "Kama hapa hapa."

Aliponiona akanipungia. "Njoo, muuaji wangu."

Nilimwambia habari ya simu mbele ya mchungaji, kwa sababu nilijua nikimwita pembeni sitasema. Mama Pasi akageukia shuka lake. Akaanza kulinyoosha shuka kwa kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni, kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka hapakuwa na mkunjo hata mmoja.

"Alisema Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Na mimi Jumanne." Akaendelea kunyoosha. "Mchungaji, usimpigie."

"Mama, lazima nimpigie. Ile ni simu ya kiwanda, naweza kuipata sasa hivi."

"Ukimpigia haji."

"Barua yangu haijawahi kusema uongo, miaka kumi na tisa."

"Na haijasema. Si ulinikuta nimelala? Ulinikuta, au hukunikuta?"

Mchungaji akafumba macho kama anayetaka kutamka, lakini hakutamka.

"Basi niache niwe nimelala mpaka Jumatatu," Mama Pasi akasema. "Nakuomba kama mwanangu. Nilikosea siku moja tu, Jumamosi moja, na yule kijana wa watu amekuwa mume kuliko waume wote wa mtaa ule, nasikia. Sijapata mlango wa kupitia kusema hivyo. Huu hapa umefunguka. Umefunguliwa na mjinga, lakini umefunguka."

Mjinga nikatazama viatu vyangu.

Mchungaji akalisikiliza pazia likijaa na kusinyaa mara nyingi. Mwishoni akasema: "Sitapiga simu. Nitanyamaza mpaka Jumatatu. Lakini Jumatatu nitasimama mlangoni mwa basi mimi mwenyewe, na kabla hajakanyaga chini nitamwambia. Kama atakuja hapa, aje kwa mtu aliye hai. Kama atageuza, atageuza."

"Atageuza," Mama Pasi akasema.

"Labda."

"Wewe humjui. Kanizaa huyo. Yaani, mimi ndiye niliyemzaa, lakini kwa ukaidi yeye ndiye mama."

Jumamosi ilipita kama siku inayosikika kutoka chumba cha pili. Wanawake waliimba. Mimi nilisahihisha barua na kuirudufu, zile za walio mbali tukaziweka zingoje Jumatatu, na mchungaji akanifanya nimsomee kila mstari kwa sauti, mara mbili. Jumapili alisimama mbele ya kanisa akasema, "Wapendwa, Mama Pasi amelala," watu wakaanza kuguna, akainua mkono, "nina maana usingizi. Usingizi huu wa kawaida, wa shuka na mto. Hivi sasa pengine ameamka." Kikapita kicheko, kwanza cha woga, halafu kikubwa, na katikati ya kicheko mtu mmoja nyuma akaanza kulia kwa nguvu. Alikuwa Kengele. Alisema baadaye vumbi liliingia.

Jumatatu saa nane mchana tulikuwa stendi, mchungaji na mimi. Basi lilikuja likiwa limefunikwa na vumbi mpaka halina rangi, likasimama, likashusha pumzi. Mchungaji akanishika kiwiko. "Nielekeze yeye ni yupi."

Haikuwa kazi. Alikuwa na uso wa Mama Pasi, wa siku ambazo Mama Pasi hakuwa anaumwa. Amevaa nguo nyeusi, mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Hakushuka, alibaki kwenye ngazi ya mlango.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Kabla hujashuka. Mama yako amelala."

"Najua."

"Hujui. Amelala usingizi. Ataamka kama saa kumi, wakimpa dawa. Kesho wanampasua, na hatujui atatokaje. Barua ilikatwa vibaya. Hakufa."

Watu nyuma yake walikuwa wanasukuma. Kondakta akapiga bati. "Dada, unashuka au unahubiriwa?"

Alishuka, akaliweka begi lake chini, akalikalia pale pale, katikati ya stendi, watu wakamzunguka kama maji yanavyolizunguka jiwe. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza kondakta: "Mnarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kamili. Hatungoji mtu."

"Niwekee kiti."

Mchungaji hakumshika, hakumsihi. Nilitamani amsihi. Alisema tu, "Hospitali ni pale, paa la bluu," kana kwamba huyo hakuzaliwa katika mji ule.

"Nilikuja kuzika," binti akasema. "Sikuja kuongea. Miaka kumi na mmoja nimejiandaa kwa kuzika." Akainuka. "Nitamwangalia akiwa amelala. Akianza kuamka, natoka. Mtanishangaa, nishangaeni."

Nilimbebea begi. Mchungaji alibaki kwenye benchi la nje. Alisema yeye keshasema lake. Mimi niliingia, nikakaa kwenye kiti cha dirishani, na hakuna aliyenifukuza. Mzee asiye na kazi wodini huonekana kama sehemu ya dirisha.

Mama Pasi alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka, macho yamefumbwa. Pazia lilijaa, likasinyaa. Binti akasimama upande wa miguuni. Halafu akasogea hadi kiunoni, kisha akaketi kitandani kwa ncha tu, kama kitanda kina moto. Na akaanza kusema, chinichini, kwa sauti ile wanayoitumia watu makaburini, ambako hawategemei jibu.

"Sina la kukuambia," akasema. "Mume wangu hajambo. Kila mwaka ananiambia nikusalimie, sikusalimii. Kucha zake bado nyeusi. Mimi ni msimamizi wa zamu sasa, nina wanawake arobaini chini yangu, wananiogopa. Nawafokea kwa maneno yako, neno kwa neno, mpaka najishtukia. Gauni nililitunza. Nilitaka kulichoma, nikaona lilivyonyooka, nikashindwa."

Mlango wa nje ukafunguka, ukajifunga. Mwanga ulisogea sakafuni ukapanda mguu wa kitanda. Sijui nilikuwa macho au nimesinzia. Nakumbuka nilidhani sote wanne tuko ndani ya maji ya uvuguvugu, sisi na yule sista aliyekuja na sinia ya dawa, akaona, akarudi kinyumenyume.

"Una wajukuu wawili," binti akaendelea. "Mkubwa wa kike. Ananyoosha kila kitu, hata karatasi za peremende. Hakufundishwa na mtu. Mdogo anakoroma. Kitoto cha miaka minne kinakoroma kama mashine ya kusaga, baba yake anasema kapata wapi, mimi najua kapata wapi. Nilivyokuwa mdogo ndivyo nilivyojua kwamba upo. Nikiamka nakusikia, nalala tena."

Hapo akageuza kichwa, akategea sikio juu ya uso wa mama yake, karibu kabisa.

Kimya. Pumzi ndogo, ya adabu, inaingia na kutoka.

"Mama," akasema. "Mbona hukoromi?"

Kope za Mama Pasi zikatetemeka.

"Tangu nimekaa hapa hujakoroma hata mara moja. Uko macho, mama. Uko macho toka nilipoingia."

"Nimelala," Mama Pasi akasema bila kufumbua.

"Unaongea!"

"Naota. Endelea, nilikuwa kwenye wajukuu."

Nilidhani atainuka. Hata yeye alidhani. Aliweka mguu mmoja sakafuni, akatafuta begi kwa macho, na begi lilikuwa kwangu. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na nusu. Toka hospitali hadi stendi ni mwendo wa dakika kumi, na mimi nilikuwa tayari kulinyoosha lile begi mbele kama angesema nipe. Hakusema. Machozi yalikuwa yanamtoka Mama Pasi pembeni, chini ya kope zilizofumbwa, yanaingia masikioni, na hayafuti, kwa sababu aliyelala hafuti machozi.

"Fumbua macho," binti akasema.

"Nikifumbua utaondoka."

"Fumbua, nikutukane vizuri."

"Nitukane hivi hivi. Nasikia."

"Hukuja, mama. Nilisimama pale mbele nikawa naangalia mlango. Watu wote walikuwa wananiangalia mimi, mimi naangalia mlango."

"Najua. Niliunguza mashati sita siku ile. Miaka thelathini sijaunguza shati, siku ile sita. Nilikosea, mwanangu. Yule kijana nilimkosea, na wewe nilikukosea zaidi. Nimekaa na neno hili miaka kumi na mmoja, na limekuwa dogo hivi, aibu hata kulisema."

Binti akamtazama. Akamfuta machozi yale ya masikioni kwa kidole gumba, kwa ukali, kama anayemfuta mtoto pua.

"Sogea," akasema.

Mama Pasi akasogea, bado macho yamefumbwa, na binti akapanda kitandani na nguo zake nyeusi, akajilaza ubavuni, uso ukutani. Kutoka stendi tukasikia honi ya basi, mara mbili, ndefu. Hakuna aliyejitikisa. Baada ya muda mmoja wao akaanza kukoroma, na kwa jinsi walivyofanana sikuweza kusema ni yupi.

Asubuhi ya Jumanne walimpeleka Mama Pasi kupasuliwa saa tatu. Alitoka saa saba na nusu. Aliamka jioni, akauliza ni nani aliyelikunja shuka vibaya hivyo.

Aliishi miaka mitatu na miezi miwili. Kibandani hakurudi, daktari alimkataza kusimama muda mrefu. Alikwenda kukaa na bintiye mara mbili, mara zote alirudi kabla ya mwezi kwisha kwa sababu kelele za kiwanda zilimchosha. Alifia nyumbani kwake, mchana, binti akiwa njiani.

Binti alirudi kazini Alhamisi ya wiki ile. Baadaye alipandishwa kuwa msimamizi wa zamu zote tatu. Mumewe bado anaziba matairi. Mama Pasi na yeye hawakuwahi kuwa na mengi ya kuongea, ila alimnyooshea suruali mbili.

Mchungaji alitolewa mtoto wa jicho la kulia mwaka uliofuata, la kushoto likashindikana. Alianza tena kusoma barua mwenyewe kabla haijarudufiwa. Alistaafu, akahamia kwa kaka yake, anafuga kuku.

Wale wanawake walioketi hawakuacha. Hukutana kila Ijumaa, na muuza vitambaa ndiye mwenyekiti wao.

Kengele alianguka ngazi za mnara akavunjika nyonga. Anatembea na fimbo, na kengele sasa hupigwa na mpwa wake.

Kibanda kilipangishwa kwa fundi wa saa.

Mimi nilikaa mpaka Jumatano; haya ya baadaye nimeyasikia kwa wapita njia wenzangu. Nikapata lori jingine, la mbao, lililokuwa linaelekea upande wa pili.